Mark X ya mtumba: bei imeshuka, matunzo hayajashuka

Toyota Mark X ya mwaka 2006, injini ya silinda sita, viti vipana, gari la heshima, leo mara nyingi inapatikana mkononi mwa mtu kwa bei inayokaribiana na ya IST ya umri huohuo, na wakati mwingine chini yake. Kijana mwenye akiba yake ya miaka mitatu anajiuliza: kwa nini ninunue kigari cha lita moja na nusu wakati kwa hela hiyohiyo napata Mark X?

Swali ni la haki, na kulijibu hakuhitaji kuidharau Mark X. Gari hili ni zuri. Limetulia barabarani, lina nguvu ya kutosha kulipita lori mlimani bila kubahatisha, na bodi yake haichoki haraka. Ila soko la mitumba hushusha bei ya kununua peke yake. Plagi zinabaki sita. Oil inabaki zaidi ya lita sita. Wotapampu inabaki ya injini ya V6, na fundi anayelijua gari anabaki kudai ujira wa mtu anayelijua. Gari lilitengenezwa kwa mteja wa Kijapani mwenye kipato kizuri, ambaye tarehe ya huduma ikifika hulipeleka bila kujadiliana. Miaka mingi baadaye liko Mbagala au Kayole, kwa mtu ambaye fedha yake yote iliishia kwenye kununua. Hapo ndipo sifa mbaya ya Mark X inapozaliwa, na familia nyingi zimepoteza akiba zao hapo. Nadhani nyingi kati ya hasara hizo zingeweza kuzuilika.

Kwanza tulijue gari lenyewe. Mark X ilitoka Japani Novemba 2004 kurithi kiti cha Mark II, jina lililoanza mwaka 1968 na ambalo sisi tulilizoea kupitia GX 100 na GX 110, magari yaliyobeba maharusi, wakubwa wa ofisi na abiria wa teksi kwa miaka mingi. Toleo la kwanza linatambulika kwa namba ya chasisi: GRX120 ni ya lita 2.5 inayosukumwa na tairi za nyuma, GRX121 ni ya lita 3.0, na GRX125 ni ya lita 2.5 inayovuta tairi zote nne. Oktoba 2009 likaja toleo la pili: GRX130 ya lita 2.5, GRX133 ya lita 3.5 na GRX135 ya tairi zote nne. Uzalishaji ulikoma Desemba 2019. Kwa hiyo hata Mark X iliyo mpya kuliko zote duniani imeshakuwa gari la kuulizwa maswali.

Injini ambayo wengi wetu tutakutana nayo ni 4GR-FSE ya lita 2.5, na herufi ya S katikati ya FSE ndiyo ya kuangalia. Inamaanisha petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, teknolojia ambayo Toyota iliipa jina la D-4. Kwa mafundi wa Dar es Salaam neno "D4" linatosha kumkimbiza mteja. Hofu hiyo ina asili yake: miaka ya nyuma tulipokea Premio, Opa na Noah zenye injini ya 1AZ-FSE wakati mafundi wengi hawajawahi kuiona pampu ya petroli ya presha kubwa, na magari mengi yaliishia kuegeshwa nyuma ya nyumba. Lakini 4GR ni injini nyingine, ya kizazi kingine. Ina cheni ya taimingi badala ya mkanda, bloku yake ni ya aluminiamu, na ikipewa oil safi kwa wakati inatembea kilomita nyingi bila kufunguliwa. Anayekwambia usiinunue kwa sababu tu ni D4 anakuonea, na anayekwambia haina tofauti na injini ya IST anakudanganya.

Tofauti iko hapa. Kwenye injini ya kawaida, petroli hupulizwa kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu za kuingizia. Kila mara inapopita inaziosha. Kwenye 4GR petroli haipiti hapo kabisa. Inapita hewa tu, pamoja na mvuke wa oil unaorudishwa kutoka ndani ya injini ili uunguzwe. Mvuke huo unatua kwenye mgongo wa valvu iliyo moto, unaganda, na safari baada ya safari unajenga tabaka la masizi meusi. Nimeziona valvu hizo fundi akiwa ameshatoa manifodi ya hewa. Shina la valvu, ambalo linapaswa kuwa jembamba na kung'aa, lilikuwa limevimba kwa masizi kama muhindi uliokaa motoni. Fundi alichokoa kwa bisibisi, kikamong'onyoka kipande cha unene wa kucha. Hewa inayopita mahali palipobanwa hivyo haitoshi, na haigawanyiki sawa kwa silinda zote sita.

Dalili zake dereva anaziona kabla fundi hajafungua kitu. Asubuhi gari linawaka likitetemeka, linamisi kwa dakika moja au mbili, kisha linatulia. Taa ya injini inawaka, inazimika, inarudi. Gari linakuwa zito likitoka kwenye foleni. Mwenye gari anabadilisha plagi, halafu koili, halafu anasafisha nozeli, na fedha inaondoka kidogokidogo huku masizi yakiwa palepale. Dawa za kumimina kwenye tangi la mafuta haziwezi kusaidia, kwa sababu hiyohiyo ya mwanzo: kilicho ndani ya tangi hakipiti kwenye valvu hizo. Kazi halisi ni kutoa manifodi, kuloweka valvu kwa dawa, kukwangua na kufuta moja baada ya nyingine, au kupuliza kwa maganda ya karanga za walnut yaliyosagwa kwenye gereji zenye mashine hiyo. Kazi hiyo inachukua karibu siku nzima. Ukiifanya vizuri, gari linarudi kuwa jingine.

Wapo wanaosema lawama zote ni za petroli yetu. Siamini. Injini hiihii iliwekwa kwenye Lexus IS250 iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 2005, na wamiliki wa huko, wenye petroli yao na mafundi wa wakala, walilalamika kwa miaka mingi juu ya masizi hayahaya. Ni asili ya mfumo. Toyota yenyewe ilipotengeneza injini ya lita 3.5, ile 2GR-FSE ya nguvu za farasi 318 iliyo kwenye GRX133, iliweka nozeli za aina mbili: zinazopuliza ndani ya silinda na zinazopuliza kwenye njia ya hewa. Kwa hiyo ya 3.5 inajiosha yenyewe. Kwa bahati mbaya inakunywa mafuta kiasi ambacho mshahara wa kawaida hauwezi kuilea.

Petroli ina nafasi yake katika suala jingine. Mark X ya kwanza ilitengenezwa kutumia petroli ya daraja la juu ya Japani, ikitoa nguvu za farasi 215. Kwenye toleo la pili la 2.5, Toyota iliirekebisha injini itumie petroli ya kawaida, nguvu ikashuka hadi 203. Karatasi za mauzo zinaionyesha GRX130 kama imepungua. Kwa mtu anayejaza mafuta kwenye kituo chochote kati ya Chalinze na Tunduma, mimi naiona imeongezeka.

Sasa oil. Dukani oil inauzwa kwa galoni ya lita nne au tano. Injini hii inataka zaidi ya lita sita. Mteja anafika gereji bubu na galoni moja ya lita nne mkononi, fundi anamwaga ya zamani, anaweka ile nne, anapiga honi, kazi imeisha. Kuanzia hapo gari linatembea na theluthi mbili ya oil yake. Injini za 4GR zilizotembea sana zinajulikana pia kwa kula oil kidogokidogo kupitia ringi za pistoni zilizoshikwa na masizi, kwa hiyo ile nne baada ya miezi miwili ni tatu na nusu. Cheni ya taimingi inategemea presha ya oil ili ikazwe, na gia za kamshafti zinategemea oil hiyohiyo kubadilisha nyakati za valvu. Zikikosa, zinaanza kutoa mlio wa kukwaruza asubuhi, sekunde chache za mwanzo tu, na mwenye gari anauzoea. Siku mlio unapokuwa wa kudumu, kinachozungumzwa tena si galoni ya pili ya oil. Ni kufungua mbele ya injini yote.

Na hii si ajali. Ni hesabu ya mtu aliyenunua gari la silinda sita akiwa na bajeti ya silinda nne. Nimewahi kumuuliza fundi mmoja mzee kwa nini anakubali kuweka galoni moja ilhali anajua haitoshi. Akaniambia, "Mwanangu, nikimwambia aongeze nyingine anadhani namwibia."

Kuna kosa jingine ambalo linaniuma zaidi kwa sababu linafanywa kwa nia njema. Gari likianza kuchemka, fundi wa chini ya mwembe anatoa themostati na kuitupa. Anasema, "Hii ni ya nchi za baridi, huku joto halihitaji." Themostati ni mlango unaofunguka maji yakifika nyuzi 80 na kidogo. Ukiutoa, maji yanazunguka muda wote na injini haifiki joto lake la kufanyia kazi, hasa kwenye mwendo wa barabara kuu. Kompyuta ya gari inadhani injini bado ni ya baridi, inaendelea kuongeza petroli. Ulaji wa mafuta unapanda, petroli inachuruzika kwenye oil, masizi yanaongezeka. Yaani mtu ameondoa kifaa kidogo cha bei ndogo, akayapa nguvu matatizo yale mawili makubwa ya injini hii. Na kilichokuwa kinachemsha gari bado kiko palepale: mara nyingi ni wotapampu inayovuja. Kwenye familia hii ya injini, wotapampu huanza kwa kulia machozi. Ukimulika tochi mbele ya injini utaona alama kavu ya pinki au nyeupe iliyoshuka kwenye chuma. Hiyo ni kulanti iliyovuja na kukauka. Mwenye kuiona mapema anabadilisha pampu tu. Asiyeiona anaongeza maji ya bomba kila Jumamosi, maji yanaleta kutu na magadi ndani ya njia nyembamba za aluminiamu, rejeta inaziba, na siku moja kwenye mlima wa Kitonga mshale unapanda hadi mwisho. Injini ya aluminiamu ikichemka hivyo mara moja, gasketi ya silinda hedi na uso wa hedi wenyewe havirudi kuwa vilivyokuwa.

Giaboksi yake, kwa upande mwingine, ni ya kusifiwa. Mark X nyingi za tairi za nyuma zina giaboksi ya otomatiki ya gia sita, ngumu, isiyo na mikanda ya zile otomatiki za CVT zinazowasumbua wengi. Ikiharibika, mara nyingi imeharibiwa. Haina kijiti cha kupimia oil. Inapimwa kwa kufungua skrubu ya chini gari likiwa limesimama sawasawa na oil ikiwa kwenye joto lililoelekezwa. Inatumia oil ya Toyota aina ya WS. Fundi asiyejua anaweka oil yoyote nyekundu, anakadiria kwa macho, na baada ya wiki gia zinaanza kupiga teke. Ukienda kujaribu gari, toka taratibu kabisa, usilikanyage. Giaboksi nzima inapanda kutoka gia ya kwanza hadi ya nne bila wewe kuhisi kitu. Teke kati ya pili na tatu, au kusitasita ukitoka kwenye rivasi kwenda mbele, ni sababu ya kurudisha funguo kwa muuzaji na kumshukuru.

Chini ya gari sitakaa sana, kwa kuwa kila gari la Japani linalotembea kwenye matuta yetu linakula bushi za wishiboni, stabilaiza linki na shokapu, na spea za Mark X zinapatikana Kariakoo na Gerezani, kama zinavyopatikana Grogan kwa watu wa Nairobi. Nyingi zinaingiliana na za Crown ya miaka hiyo. La kuangalia ni moja: gari hili lipo chini, na wenye magari wengi wameliinua kwa kuweka spesa juu ya springi. Lililoinuliwa vibaya linakula tairi upande wa ndani na usukani wake unavutavuta. Kunja tairi za mbele hadi mwisho, pitisha mkono upande wa ndani wa tairi, mkono utakwambia. Usukani wa Mark X unasaidiwa na mota ya umeme, na reki yake ikigonga au taa ya usukani ikiwaka, ulizia bei ya reki kabla ya kukubaliana bei ya gari.

Yote hayo yanategemea jambo moja ambalo halionekani kwenye boneti: gari limetoka wapi na limetembea kiasi gani.

Niliwahi kumsindikiza ndugu yangu kuangalia Mark X ya mwaka 2010 kwenye yadi moja. Nyeupe, safi, harufu ya sabuni. Dashibodi ilisoma kilomita elfu sabini na moja na ushee. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alitukaribisha vizuri: "Karibuni kaka zangu, gari hii ni ya kuwasha na kuondoka, injini haijawahi kuguswa." Nilipofungua mlango wa dereva niliona kwenye nguzo ya mlango kibandiko kidogo kilichofifia, ukubwa wa kiberiti, chenye maandishi ya Kijapani. Gereji za Japani hubandika vibandiko hivi wakibadilisha oil: tarehe, na kilomita. Kilikuwa na namba 28.11.6, na chini yake 118,400. Wajapani huhesabu miaka pia kwa enzi za wafalme wao. 28 hapo ni mwaka wa 28 wa enzi ya Heisei, yaani 2016. Gari lililokuwa limevuka kilomita laki moja na kumi na nane Novemba 2016 lilikuwa mbele yetu miaka kadhaa baadaye likiwa na elfu sabini na moja. Kijana alikitazama kibandiko muda mrefu. Nina hakika hakuwahi kukiona. Akasema yeye hulipokea gari kama lilivyoshuka melini. Ndugu yangu alimpa mkono, tukaondoka.

Wanaorudisha kilomita nyuma hufuta dashibodi na kusahau vitu vidogo. Vibandiko vya oil viko kwenye nguzo ya mlango, chini ya boneti, wakati mwingine ndani ya kava la kitabu cha gari. Raba ya pedali ya breki iliyolika upande wa kulia, ngozi ya usukani iliyong'aa, kitambaa cha kiti kilichobonyea upande dereva anaoingilia, vyote vinahesabu kilomita kwa namna yao. Lakini ushahidi mkubwa ni karatasi. Gari linapofutwa usajili Japani ili lisafirishwe, hutolewa cheti kinachoandika tarehe ya usajili wa kwanza na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima wa mwisho, ukaguzi ambao gari binafsi la huko hufanyiwa likitimiza miaka mitatu na baada ya hapo kila miaka miwili. Karatasi ya mnada nayo ina daraja la gari na mchoro unaoonyesha kila mkwaruzo. Likiandikwa R, gari lilishagongwa na kunyooshwa. Anayeagiza gari mwenyewe ana haki ya kudai karatasi hizo mbili kabla hajatuma hata dola moja. Anayenunua kwa mtu aulize kama zilihifadhiwa. Mwenye gari aliyezihifadhi, mara nyingi amehifadhi na risiti za oil.

Kinyume chake, watu wetu wanauliza herufi ya namba. "Ni namba D au E?" Herufi inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Mark X ya 2006 inaweza kuwa na namba E kwa sababu iliingia juzi, na ya 2010 ikawa na namba D kwa sababu iliingia mapema. Nimeona watu wakiongeza mamilioni kwa ajili ya herufi hiyo, wakaacha gari lenye umri mdogo na matunzo bora upande wa pili wa yadi. Tanzania haizuii gari kuukuu kuingia. Inalitoza ushuru wa ziada kwa uchakavu wake. Kenya inafanya vingine: gari lililozidi miaka minane tangu usajili wake wa kwanza haliruhusiwi kuingizwa. Kwa hiyo GRX120 yoyote inayouzwa Nairobi leo imeshatembea miaka mingi kwenye barabara za Kenya, na swali la maana kwa mnunuzi wa huko ni nani amelitunza, si meli gani ililileta. Mlango wa GRX130 nao umekuwa ukifungwa mwaka baada ya mwaka. Bei za zilizobaki nchini zikipanda, msukumo wa kuuza zilizochoka kama nzima utapanda pia.

Nikiulizwa ipi, nasema GRX130 ya lita 2.5, tairi za nyuma, isiyobadilishwa kitu: rimu za kiwandani, egzosi ya kiwandani, masega yake ya katalisti yakiwa bado ndani. Ya tairi zote nne inavutia kwa bei ya chini, lakini ina vyuma vingi zaidi mbele na inakunywa zaidi, bila faida kwa mtu wa Dar. Ya kwanza, GRX120, inafaa kwa anayemjua mwenye gari na fundi wake. Kwenye foleni, kilomita saba au nane kwa lita ni kawaida. Ukiiona hesabu hiyo ni nzito, Premio ya umbo la mwaka 2007 yenye injini ya 1.5 au 1.8 itakupa heshima karibu ileile bila masuala ya masizi, maana injini hizo hazipulizi petroli ndani ya silinda. Na kwa yule mwenye fedha kamili ya bei ya Mark X bila ya ziada, nasema kwa upendo kabisa: IST inamfaa zaidi mwaka huu.

Ukienda kuikagua, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, nenda alfajiri, na jambo la kwanza weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Washa mwenyewe ukiwa umesimama nje, mlango wazi, redio na AC vimezimwa, usikilize zile sekunde za mwanzo ambazo cheni na gia za kamshafti haziwezi kuficha kitu. Acha injini iungurume yenyewe dakika kumi, uangalie mtetemo wa usukani na mshale wa joto: unatakiwa kupanda taratibu, ufike katikati, utulie. Usipofika katikati kabisa, huenda themostati haipo. Chomoa kijiti cha oil. Lipia kupima kwa mashine, hata kama taa ya injini haijawaka, kwa kuwa taa hufutwa asubuhi ya siku ya kuuza na misimbo ya hitilafu huweza kuanza kurudi kabla taa haijawaka tena.

Ukishanunua, tenga fedha ya mwezi wa kwanza kabla hata ya bima kubwa na rimu mpya. Oil ya injini na filta yake, ujazo kamili. Plagi sita. Oil ya giaboksi kwa mtu mwenye kipima joto. Themostati, kama ilitolewa. Valvu zifunguliwe ziangaliwe, angalau kwa kamera ndogo inayopitishwa kwenye njia ya hewa. Kulanti imwagwe yote, na mwambie fundi aimwage kwenye chombo cheupe: ikitoka ya pinki na safi, gari lilikuwa kwa mtu aliyelijali, ikitoka ya kahawia, rejeta ishushwe ipimwe kabla gari halijapanda mlima wowote.